Kuwasha dibagi kwenye swichi bila kuuangusha mtandao

"Mtandao unakatakata." Malalamiko mengi huanza hapo na kuishia hapo, awe ni karani wa halmashauri anayeshindwa kutoa namba ya malipo, mhudumu wa mapokezi hospitalini ambaye mfumo wa GoTHoMIS umemgandia, au mwalimu wa maabara ya kompyuta mwenye darasa zima mbele yake. Hakuna anayekuambia ni poti ipi, ni saa ngapi, wala nini kilitangulia. Swichi iliyo kabatini inayajua hayo yote, ila huyatunza kwa muda mfupi, na kama haijapangwa huyaandika kwa saa isiyo ya kweli.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia mtandao wa ofisi, shule, chuo au kituo cha afya Mbeya, Iringa na miji ya njiani kama Makambako na Mafinga. Inatosha uwe unajua kuingia kwenye swichi kwa konsoli au SSH na kuandika amri. Mifano ni ya Cisco Catalyst, kwa kuwa ndiyo inayofundishwa kwenye CCNA. Wenye MikroTik wana kisanduku chao huko mbele.

Msimamo wangu ni huu: dibagi (debug) ni hatua ya mwisho. Hitilafu nyingi za swichi za ofisi huonekana kwenye logi za kawaida, mradi saa ya swichi iwe sahihi na logi ziwe zinahifadhiwa nje ya swichi. Ukiyatimiza hayo mawili, huenda usiihitaji dibagi kabisa. Ukiyaruka, dibagi itakujazia kurasa za maandishi usiyoweza kuyapanga.

Kwa nini dibagi ni hatari

Swichi hupanga ujumbe wake katika ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7. Ngazi 0 maana yake swichi haitumiki tena. Ya 3 ni makosa, ya 4 ni onyo, ya 5 ni tukio la kawaida lakini la kuangaliwa, ya 6 ni taarifa tu. Ngazi 7 ndiyo dibagi: swichi inasimulia kila inachokifanya, hatua kwa hatua. Ukichagua ngazi fulani unapata hiyo na zote zilizo chini yake kwa namba, kwa hiyo anayechagua 7 amechagua zote.

Kazi ya kupitisha pakiti hufanywa na chipu maalumu, lakini kusimulia hufanywa na prosesa kuu, ambayo kwa swichi ni ndogo. Prosesa hiyohiyo ndiyo inayoendesha itifaki ya kuzuia lupu (spanning tree) na ndiyo inayokupokea unapoingia kwa SSH. Ikielemewa na masimulizi, hayo mengine yanachelewa, na lupu ikipata nafasi mtandao wote unasimama.

Konsoli ndiyo inayoongeza balaa. Kasi yake ya kawaida ni 9600, yaani herufi kama 960 kwa sekunde. Mstari mmoja wa logi una herufi kama 100, kwa hiyo konsoli haiwezi kuandika hata mistari 10 kwa sekunde. Dibagi inaweza kutoa mamia. Prosesa inakaa kuisubiri konsoli, na wewe unaona swichi "imekufa" ilhali iko hai, inaandika tu.

Saa kwanza

Swichi nyingi za zamani za Catalyst hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, zinaanza kuhesabu upya kutoka tarehe 1 Machi 1993. Ndiyo maana unakuta logi za namna hii:

`*Mar  1 00:01:07.311: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet0/7, changed state to up`

Kinyota cha mwanzo ni swichi yenyewe inayokiri kwamba saa yake haiaminiki. Ukiiona nukta badala ya kinyota, maana yake saa iliwahi kulinganishwa lakini sasa mawasiliano na chanzo chake yamepotea.

1. Weka ukanda wa saa na muhuri wa saa kwenye kila ujumbe:

`clock timezone EAT 3`
`service timestamps log datetime msec localtime show-timezone`
`service timestamps debug datetime msec localtime show-timezone`

2. Elekeza swichi kwenye chanzo cha saa kilicho ndani ya jengo lako, kama rauta au seva, ili intaneti ikikatika saa isipotee:

`ntp server 10.10.0.1`

3. Rauta au seva hiyo nayo ichukue saa nje, kwa mfano `0.africa.pool.ntp.org`.

4. Subiri dakika chache, kisha hakiki kwa `show ntp status`. Unatafuta maneno `Clock is synchronized`.

Hapa kuna mtego unaotupata sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Mtumiaji anasema mtandao ulikatika "saa saba". Swichi iliyoachwa kwenye saa ya dunia, UTC, imeandika tukio hilo kama 10:00. Wewe ukiiona 10:00 unasoma saa nne asubuhi, unaipita. Bandika jedwali hili ndani ya mlango wa kabati:

| Mtumiaji anasema | Swichi yenye EAT | Swichi yenye UTC |
|---|---|---|
| saa nne asubuhi | 10:00 | 07:00 |
| saa saba mchana | 13:00 | 10:00 |
| saa kumi jioni | 16:00 | 13:00 |
| saa mbili usiku | 20:00 | 17:00 |

Toa logi nje ya swichi

Logi za ndani hukaa kwenye bafa, hifadhi ya muda iliyo kwenye RAM. Umeme ukikatika zinafutika zote. Isitoshe, bafa ya kawaida ya Catalyst ni baiti 4096, mistari kama 40 tu. Asubuhi watu wakiwasha kompyuta, mistari hiyo 40 imeshajaa "poti imewaka, poti imezima", na kilichotokea usiku kimesukumwa nje.

Tafuta kompyuta yoyote ya zamani inayowaka vizuri, weka Ubuntu, ipe anwani ya kudumu (hapa 10.10.0.5). Hiyo ndiyo seva yako ya logi. Kwenye seva, fungua faili jipya `/etc/rsyslog.d/10-swichi.conf` uandike:

`module(load="imudp")`
`input(type="imudp" port="514")`
`if $fromhost-ip == '10.10.0.2' then {`
`  action(type="omfile" file="/var/log/swichi.log")`
`  stop`
`}`

Anwani 10.10.0.2 hapa ni ya swichi. Kisha `sudo systemctl restart rsyslog`, na kama ukuta wa moto umewashwa, ruhusu poti 514 ya UDP kutoka kwenye swichi peke yake.

Kwenye swichi:

`logging buffered 64000 7`
`logging host 10.10.0.5`
`logging trap 6`
`logging console 4`

Onyo: ukibadilisha ukubwa wa bafa, yaliyokuwamo yanafutika. Kama unakuja kwenye swichi yenye tatizo, nakili kwanza `show logging` yote, ndipo uguse mipangilio.

Jaribu: ingia kwenye mipangilio ya swichi, toka bila kubadilisha kitu, halafu kwenye seva andika `tail /var/log/swichi.log`. Ujumbe wa `%SYS-5-CONFIG_I` lazima uwepo. Usipouona, usiendelee mbele. Kagua anwani, ukuta wa moto na VLAN.

Bafa na seva vyote viwili ni vya lazima. UDP hutuma bila kusubiri jibu, kwa hiyo ujumbe unaosema njia ya kwenda seva imekatika hauwezi kufika seva. Huo utaukuta kwenye bafa. Swichi na seva ziwe kwenye UPS moja, la sivyo dakika ileile unayoihitaji ndiyo itakayokosekana.

Soma logi za kawaida

Anza na `show version`. Tafuta muda ambao swichi imekuwa hewani na mstari `System returned to ROM by power-on`. Kama mtumiaji analalamika mtandao ulipotea saa nne na swichi inaonyesha iliwaka upya saa nne na dakika mbili, tatizo lako ni umeme. Usiguse mipangilio, shughulikia UPS, soketi na adapta.

Kisha soma logi. Chukua mstari huu kama mfano:

`Nov 18 10:42:07.118 EAT: %SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF: Host 0011.2233.4455 in vlan 10 is flapping between port Gi0/12 and port Gi0/24`

Namba 4 iliyo katikati ya vistari ndiyo ngazi: onyo. Kompyuta moja, yenye anwani hiyo ya MAC, inaonekana mara poti ya 12, mara poti ya 24. Kompyuta haiwezi kuwa mahali pawili, kwa hiyo ama kuna lupu, ama mtu mwenye laptopu anatembea kutoka Wi-Fi ya jengo moja hadi ya jingine. Utatofautishaje? Ukiona anwani moja, mara mojamoja, ni mtu anatembea. Ukiona anwani nyingi ndani ya sekunde chache, kati ya poti zilezile mbili, ni lupu: mtu amechomeka ncha zote mbili za kebo kwenye soketi za ukutani, au ameunganisha kiswichi kidogo cha mezani mara mbili. Nenda poti ya 12, fuata kebo kwa mkono hadi mwisho wake. Huu ndio ujumbe wenye faida kuliko wote kwa fundi wa ofisi, na haukuhitaji dibagi hata kidogo.

Ujumbe wa `%PM-4-ERR_DISABLE` wenye neno `bpduguard` unasema swichi imeifunga poti yenyewe kwa sababu ilisikia swichi nyingine upande wa pili. Wengi huifungua kwa `shutdown` na `no shutdown` kisha wanaondoka, na baada ya sekunde chache inafungwa tena. Tafuta kilichochomekwa.

`%LINK-3-UPDOWN` ya poti moja inayojirudia usiku na mchana ni kebo au kichwa cha RJ45. Kagua `show interfaces Gi0/7 counters errors`. Makosa yakiongezeka, kata vichwa ubane upya kabla ya kununua chochote. Angalia pia dari, panya hupenda njia za kebo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua za Nyanda za Juu Kusini huja na radi, na kebo ya shaba iliyopita nje kati ya majengo mawili huingiza mshtuko huo moja kwa moja kwenye poti. Poti zilizoungua nusu huwaka na kuzima ovyo. Kati ya jengo na jengo, tumia faiba.

Kuna wakati logi inakaa kimya kabisa, na ukimya huo nao ni jibu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hupita Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Ukikatwa mahali, poti yako inayokwenda kwenye rauta ya mtoa huduma inabaki imewaka, kwa kuwa rauta hiyo iko hapohapo chumbani na ina umeme. Kompyuta za ndani zinaonana, nje hakuendeki, swichi haina la kusema. Usiwashe dibagi. Mpigie mtoa huduma.

Sasa dibagi

Umeshasoma logi na bado hujui. Kabla ya kuwasha, hakikisha:

☐ Una ruhusa ya msimamizi wa mfumo, na kama ni taasisi ya umma, mkuu wa kitengo cha TEHAMA anajua.
☐ Una swali moja lenye jibu moja, mfano: "Mabadiliko ya spanning tree yanatoka poti ipi?"
☐ Si saa ya foleni ya wagonjwa, mtihani, au kufunga hesabu za mwezi.
☐ `show processes cpu` inaonyesha prosesa iko chini ya asilimia 50. Ikizidi hapo mimi siwashi dibagi yoyote.
☐ Umehifadhi mipangilio kwa `write memory`.

Hatua:

1. Nakili `show logging` ya sasa kwenye faili.
2. Zima konsoli: `no logging console`. Usiiruke hata kama unaingia kwa SSH na konsoli haina kebo, kwa sababu swichi inaiandikia hivyohivyo.
3. Kama unataka dibagi zifike kwenye seva, pandisha `logging trap 7`. Ikibaki 6, seva haitapata hata mstari mmoja wa dibagi. Wengi hukwama hapa wakidhani seva ni mbovu.
4. Fungua dirisha la pili la SSH, andika `undebug all`, usibonyeze Enter. Liache hivyo.
5. Rudi dirisha la kwanza, washa dibagi moja, nyembamba:

`debug spanning-tree events`

6. Usitumie `terminal monitor`. Soma kwa vipande: `show logging | include STP`. Mstari wenye `Topology Change rcvd on Gi0/12` umekujibu: ni poti ya 12.
7. Ukipata jibu, au dakika tano zikipita, bonyeza Enter kwenye dirisha la pili.
8. Andika `show debugging`. Lazima isionyeshe kitu.
9. Rudisha `logging trap 6` na `logging console 4`. Nakili logi kwenye faili lenye tarehe na jina la swichi.

Kwa swali hili la spanning tree kuna njia ya mkato isiyo na hatari, nami ningeanza nayo: `show spanning-tree detail`. Inakutajia idadi ya mabadiliko, la mwisho lilitokea muda gani uliopita na kutoka poti ipi.

Kwa anwani za IP zisizoeleweka, mfano wanafunzi kupata 192.168.0.x ilhali mtandao wenu ni 10.10, mshuku mtu aliyechomeka rauta ya nyumbani. Kama DHCP snooping imewashwa, logi ya kawaida itakuambia kuwa DHCPOFFER imetupwa kwenye poti isiyoaminika. Usipoiona, ndipo `debug ip dhcp snooping event`.

KISANDUKU: Skrini ikifurika

Usichomoe umeme. Andika `un all` kisha ubonyeze Enter; hata kama huyaoni unayoyaandika, swichi inayapokea. Subiri dakika moja au mbili. Kufunga dirisha la SSH hakuzimi dibagi, inaendelea bila wewe.

Kama uko Iringa mjini na swichi iko Mafinga, weka kinga kabla ya kuanza: `reload in 15`. Ukifungiwa nje, baada ya dakika 15 swichi itajiwasha upya, na dibagi haihifadhiwi kwenye mipangilio, kwa hiyo itazimika. Ukimaliza salama, andika `reload cancel` papo hapo. Kumbuka kuwasha upya kunawakata watu wote na kunafuta bafa.

KISANDUKU: MikroTik

Logi za ndani kwa kawaida ni mistari 1000. Kuzituma nje:

`/system logging action set remote remote=10.10.0.5`
`/system logging add topics=warning action=remote`

Kuwasha dibagi ya DHCP peke yake:

`/system logging add topics=dhcp,debug action=memory`

Soma kwa `/log print`. Tofauti na Cisco, mstari huu unahifadhiwa kwenye mipangilio na unabaki hata baada ya kuwasha upya. Ukimaliza, tazama `/system logging print` na uuondoe kwa namba yake. Saa: `/system clock set time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam`.

Makosa ninayoyaona sana

`debug all` ni amri ambayo hutakiwi kuiandika kamwe kwenye swichi inayotumika. `debug ip packet` inaifuata kwa ubaya. Kosa jingine ni kuwasha dibagi tatu kwa pamoja "ili kuokoa muda", kisha hakuna anayejua mstari upi umetoka wapi. Na lipo la kurekebisha kabla ya kunakili: fundi anachomoa kebo, tatizo linaisha, na wiki ijayo likirudi hakuna kumbukumbu ya kulinganisha.

Logi zina watu ndani yake

Anwani ya MAC ya simu, saa ya kuingia, jina la kompyuta lenye jina la mtumishi: hizo ni habari zinazoweza kumtambulisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa. Usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la mafundi zikiwa nzima. Futa anwani na majina kwanza. Weka muda wa kuzitunza, kisha zifutwe. Na usiingie kwenye swichi ya taasisi nyingine kwa kuwa tu unalijua neno la siri: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa.

Ukikwama

Unapompelekea msambazaji, mtoa huduma au fundi mwenzako tatizo, mpe haya kwa pamoja: `show version`, `show logging` ya kabla na ya baada, saa ya tukio kwa EAT, namba ya poti, na kilichobadilishwa siku hiyo, hata kama ni kuhamisha meza. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye nusu ya ujumbe, haimsaidii.

Kama hujui saa ya swichi yako inasomaje sasa hivi, ingia leo uandike `show clock detail`. Ikiwa inaonyesha kinyota, anza na NTP kabla ya kitu kingine chochote.